Mkusanyiko uliochelewa miaka 50: ulistahili kutoka, au hadithi zingerudishwa kwa wenyewe?

MLETA MADA: Wakuu, kwa wasiokijua kisa hiki. Harlan Ellison, mwandishi na mhariri wa Marekani, alitoa mkusanyiko wa hadithi za kisayansi za waandishi mbalimbali, Dangerous Visions, mwaka 1967, kisha Again, Dangerous Visions mwaka 1972. Vyote vilitikisa. Cha tatu, The Last Dangerous Visions, kikaahidiwa kwamba kinakuja karibuni, kikaahidiwa tena na tena. Orodha ya mwaka 1979 ilikuwa na hadithi zaidi ya 100, majuzuu matatu. Ellison amefariki mwaka 2018, kitabu hakuna. Msimamizi wa mirathi yake, J. Michael Straczynski, ndiye aliyekitoa mwaka 2024: juzuu moja tu, sehemu hadithi za zamani, sehemu mpya kabisa.

Msimamo wangu: mhariri akishindwa, anachodaiwa ni hadithi za watu. Azirudishe. Hadithi ya kisayansi huchacha upesi kuliko tui, na kuna waandishi waliokufa wakingoja.

MCHANGIAJI WA 1: Mkuu, unamhukumu mgonjwa. Straczynski ameeleza kwamba Ellison alikuwa na maradhi ya akili, yale ya hisia kupanda na kushuka, na yalikuja kutambuliwa uzeeni. Halafu waandishi wale hawakufungwa kamba. Christopher Priest, mwandishi wa Uingereza, aliiondoa hadithi yake, na wapo wengine waliofanya hivyo.

MLETA MADA: Priest aliiondoa, ndiyo, kisha akaandika kijitabu kizima kumlaumu Ellison. Akafariki Februari 2024, miezi michache kabla kitabu hakijatoka. Ugonjwa nauelewa, na pole kwake. Lakini mwaka 1993 wachapishaji wadogo wa Marekani, NESFA Press, walipochapisha hadithi ya mwandishi Cordwainer Smith, ambayo mjane wake alikuwa amemuuzia Ellison, Ellison alitishia kuwashtaki! Baadaye walielewana. Smith mwenyewe alikufa 1966. Mtu unashindwa kuchapisha, na anayechapisha unamtishia mahakama?

MCHANGIAJI WA 2: Alikuwa ameinunua, jamani. Mali yake.

MCHANGIAJI WA 3: Kununua ili uchapishe si sawa na kununua ili ufungie kabatini.

Mimi kinachonikera ni hizo mpya. Ukiweka waandishi wa leo kwenye orodha ya jana, jina la kitabu linabaki la nani? Angetoa za zamani peke yake, hata kama ni chache, tukajua tunasoma nini.

MCHANGIAJI WA 1: Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Vile viwili vya mwanzo vilikusudiwa kuvunja miiko ya wakati wake, na hadithi ya 1973 haivunji mwiko wa leo. Straczynski alitenga hata nafasi moja kwa mwandishi ambaye hajawahi kuchapishwa. Ellison mwenyewe angelipenda hilo. Na zile ambazo hazikutumika, alisema zitarudi kwa waandishi au warithi wao. Si ndicho ulichotaka, mleta mada?

MLETA MADA: Ndicho. Ila kimekuja wakati hadithi nyingi zinapokewa na warithi. Hatua hiyohiyo ingechukuliwa mwaka 1980 nisingefungua mada hii.

MCHANGIAJI WA 4: Nimesoma yote. Swali kwa mnaopeleka hadithi kwenye mikusanyiko: mikataba yenu ina kipengele cha tarehe, kwamba kisipotoka kufikia siku fulani haki zinarudi kwako? Wangu hauna, na nimesaini mwezi uliopita.