Naomba ushauri: nitafsiri nakala ipi ya De Profundis?

Wadau, natafsiri De Profundis, barua ya mwandishi wa Ireland Oscar Wilde kutoka gereza la Reading, Uingereza, na matoleo yananichanganya. Robert Ross, rafiki aliyekabidhiwa muswada mwaka 1897, alitoa toleo la 1905 akiwa ameondoa sehemu zinazomhusu Alfred Douglas, mpenzi wa Wilde aliyeandikiwa barua hiyo. Mwaka 1909 akauweka muswada British Museum, ufungwe miaka 50. Toleo la 1949 lilitokana na nakala ya taipu yenye makosa. La 1962 ndilo lililofuata mwandiko wa Wilde mwenyewe, nami naegemea hilo.

Lakini sitaki kazi ya Ross ipotee: alikata ili kumlinda Wilde, akamrudishia wasomaji. Je, nitie mabano alipokata, au niweke kiambatisho? Na haki za toleo la 1962 zikoje kwa mchapishaji wa Tanzania?