Maduka ya ndani ya meli za kitalii yanamnasaje mteja? Naulizia kwa ajili ya duka la karibu na bandari Kigoma

Mwanga_Sokoni

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo.

Kuna fremu karibu na geti la bandari hapa Kigoma: vitenge, mawese ya chupa, dagaa wa pakiti, vikapu, vinyago kidogo. Wateja ni abiria wa kwetu wanaosubiri chombo au walioshuka treni, na watalii wachache wanaopita kwenda hifadhi za Gombe na Mahale. Wote ugonjwa wao mmoja. Wanaingia, wanashika, wanauliza bei, wanasema "narudi". Harudi mtu.

Sasa nasikia kwenye zile meli kubwa za kitalii za Karibiani na Mediterania, duka la ukubwa wa kawaida tu linauza saa na vito vya maelfu ya dola kwa watu waliopanda kwenda kuota jua na kula. Wanafanyaje hasa? Msiniambie "uwe na lugha nzuri kwa mteja", hiyo tunayo. Nataka mpangilio, muda, bei, meza. Na kipi kinafaa kuletwa Kigoma, kipi kibaki hukohuko baharini?

Nahodha_wa_Kaunta

Mkuu, weka bidhaa pembeni kwanza, tazama ratiba. Meli ikiwa imefunga gatini, duka la ndani kwa kawaida linafungwa. Bidhaa zake hazijalipiwa ushuru, na bandarini ziko chini ya forodha ya nchi ile. Linafunguliwa meli ikishatoka. Maji ya nchi yanaishia maili 12 za baharini, karibu kilomita 22. Kwa hiyo safari ya siku 7 yenye vituo vinne inaliachia duka siku mbili nzima za kuuza, ambazo wao wanaziita siku za baharini, pamoja na jioni za siku za bandari. Kila kitu kinapangwa kulingana na saa hizo chache.

Maduka mengi si mali ya meli. Yanaendeshwa na kampuni kama Starboard au Harding kwa mkataba, na sehemu ya mauzo inakwenda kwa mwenye meli. Ndiyo maana meli yenyewe inasaidia kuuza: njia ya kutoka ukumbi wa chakula kwenda ukumbi wa maonyesho inapitishwa katikati ya maduka. Chakula cha jioni kikiwa cha awamu mbili, wimbi la watu linapita mara mbili, la kwanza linatoka kula huku la pili linatoka kwenye onyesho. Muuzaji anayajua mawimbi hayo kama mvuvi anavyoujua mwezi.

Na kila siku ina bidhaa yake. Usiku wa kwanza ni wa vilivyosahaulika nyumbani: dawa ya meno, mafuta ya kuzuia jua, kofia, vidonge vya kichefuchefu. Hapo hakuna punguzo, mtu ana shida. Siku ya kwanza ya baharini inaletwa saa, manukato na semina za vito. Usiku wa mwisho ni fulana na vikombe vyenye jina la meli, maana ndipo mtu anakumbuka kuwa jirani, mama mkwe na wa ofisini hawajapata kitu. Pombe ya chupa unalipia leo lakini unakabidhiwa mwisho wa safari, la sivyo ungeinywa kabatini mwako na baa ingekosa mauzo.

La mwisho ni malipo. Ndani ya meli hakuna noti. Kadi ileile inayofungua mlango wa chumba ndiyo inayolipa, na bili inakuja mwisho. Mtu asiyezitoa noti kwa mkono wake haoni pochi ikipungua.

BintiUjiji

Naongezea kwenye bei na meza, maana ndipo kazi ilipo.

Kwenye siku ya baharini utaona meza ndefu imetolewa nje ya duka, katikati ya njia, kila kitu dola 10: skafu, bangili, saa za plastiki, mikufu ya rangi. Faida ya meza hiyo si kubwa sana. Kazi yake ni tatu. Inasimamisha watu, na watu waliosimama wanaita wengine. Inamfanya mtu afungue akaunti kwa kitu kidogo, na akishanunua mara moja, ya pili haina uzito. Tena mgongo wa meza unaelekea mlangoni, kwa hiyo anayeizunguka anajikuta anatazama kabati la saa.

Halafu mkufu wa kuuzwa kwa inchi. Mkufu mzima wa rangi ya dhahabu una bei inayotisha kidogo, lakini bei ya inchi moja ni ndogo. Mtu anachagua urefu, anakatiwa na kufungiwa kishikizo mbele ya macho yake. Inchi saba za mkononi ameshachukua, "sasa na za shingoni je?" Kilichokatwa kwa kipimo chako huwezi kukirudisha mezani kwa aibu.

Bahati nasibu nayo ina siri moja: lazima uwepo wakati wa kuchezesha. Zawadi ni moja, waliosimama ni mia, na muuzaji ana robo saa ya kueleza saa zilizoko kabatini kabla hajachomoa karatasi.

Kuna na hili la forodha. Mmarekani anaporudi kwao anaruhusiwa kuingiza bidhaa za dola 800 bila ushuru, na 1,600 akitokea Visiwa vya Virgin vya Marekani. Muuzaji anamkumbusha kiwango hicho kwa sauti ya upole, kana kwamba ni posho ambayo asipoimaliza itapotea. Kizuizi kimegeuzwa shabaha. Mimi hapo nawavulia kofia, ingawa si kwa kuwasifu.

Mzee wa Mizani

Vijana mmeeleza vizuri, lakini msimpeleke huyu ndugu njia ya bei zilizokatwa mstari. Kwenye meli utaona saa imeandikwa bei kubwa, ikakatwa, chini yake bei ndogo. Bei ya kwanza ambayo jicho limeiona inakuwa mizani ya zote zinazofuata, hilo ni kweli. Ila lilifanya kazi vizuri zaidi zamani, abiria akiwa katikati ya bahari bila mtandao. Siku hizi meli nyingi zina intaneti ya setilaiti, mteja anapiga picha ya namba ya saa na kutafuta bei palepale. Manukato na pombe mara nyingi huwa nafuu kweli. Saa na vito, inategemea.

Kigoma ndiyo haifai kabisa. Soko la Mwanga na bandari ni pua na mdomo, bodaboda moja tu na bei yako imejulikana. Isitoshe Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na punguzo la bei ambayo haijawahi kuwepo ni upotoshaji.

Nimetaja vito, basi tuiseme tanzanaiti, maana ndiyo bidhaa yetu inayovuma kwenye maduka ya meli na ya bandari za Karibiani. Jiwe liligunduliwa 1967 Mererani, Tiffany wa New York wakalipa jina 1968. Maneno ya muuzaji ni "linatoka sehemu moja tu duniani", na ni kweli tupu, ndiyo maana yana nguvu. Matatizo yanaanza anapoongeza "litapanda bei". Mnunuzi wa rejareja analipa bei ya rejareja. Akitaka kuliuza kesho, sonara anampa bei ya jumla au chini yake. Hasemi pia kwamba ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, almasi ikiwa 10, kwa hiyo kwenye pete ya kuvaa kila siku linakwaruzika na kumeguka. Wala kwamba bluu ile kwa kawaida imepatikana kwa kulichoma jiwe la rangi ya kahawia. Kulichoma si kosa, ni utaratibu wa biashara, lakini mteja aambiwe.

Ukitaka kuiga kitu hapo, iga ile nusu ya kwanza: hadithi fupi, ya kweli, ya mahali pamoja. Kigoma mnayo. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa hapohapo Kigoma na kushushwa majini 1915. Ikazamishwa makusudi 1916 na Wajerumani wenyewe, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Hiyo ni mistari minne ya kadi inayofungwa kwa uzi kwenye kikapu. Mtalii atakinunua kikapu kwa sababu ya kadi.

Kibirizi_Mizigo

Sasa tuje nyumbani. Swali lako la kwanza liwe: siku ya baharini ya Kigoma ni ipi? Ni yale masaa kati ya mtu kukata tiketi na kupanda. Chombo kinasemwa kinaondoka saa kumi, watu wako hapo tangu saa nne asubuhi, pesa ya safari mfukoni, hakuna pa kwenda. Lakini haingii kwako, kwa nini? Ana mizigo! Gunia, ndoo, mtoto mgongoni. Hawezi kuviacha nje aje kushika kitenge ndani.

Kwa hiyo duka limfuate. Benchi mbili nje, kivuli cha turubai, na ubao wa soketi sita za kuchajia simu ukutani, upande wa ndani ya mlango. Chaji iwe shilingi 500, au bure kwa aliyenunua chochote. Simu iliyoisha kabisa inakaa zaidi ya nusu saa, na mwenye simu haendi mbali nayo. Nusu saa hiyo ndiyo unayouza. Meza yako iwe kati ya benchi na soketi, si pembeni.

Pili, usiwachanganye abiria. Anayepanda boti kwenda Kagunga au meli ya kusini anataka vya safari na vya kupeleka kijijini: maji, biskuti, sabuni, betri, sukari, chumvi. Anayepanda treni kwenda Tabora au Dar anataka zawadi za Kigoma: mawese, dagaa, migebuka mikavu. Meza ni moja, bidhaa zinabadilishwa kufuata ratiba ya siku. Ukimwekea wa Kagunga mawese mbele atakucheka.

Tatu, meza ya bei moja. Weka 5,000, kwa sababu ni noti moja na haina kelele za chenji. Hapo wengi wanakosea: wanafungasha nusu kilo kisha wanaona itoke bei gani, inakuja 6,300, chenji hakuna, mteja kaondoka. Geuza. Bei ni 5,000, pima gramu mpaka hesabu yako na faida viangukie hapo, kisha andika gramu hizo kwenye pakiti. Lipa namba ibandikwe pale mtu anaposimama, kwa maandishi makubwa, si nyuma ya kichwa chako.

Kwa watalii ni uzito. Ndege ndogo za kwenda mbugani mara nyingi zinaruhusu kilo 15 tu, mfuko laini. Anayesema "narudi" huku ameshika kinyago, kichwani anakipima. Kila kitu kiwe na kibandiko cha gramu, na vitu bapa viwe mbele: kitenge kilichokunjwa, mikeka midogo ya mezani, pochi. Vya magamba ya kobe, ngozi na meno ya wanyama wa porini usiweke hata kwa maonyesho, ni kesi.

Mwanga_Sokoni

Nimewapata wote, asanteni sana. Hili la soketi sikuwahi kuliwaza. Swali la mwisho: mawese yanavuja kwenye mizigo na dagaa wanaota ukungu ndani ya pakiti. Malalamiko mengi yanatoka hapo.

BintiUjiji

Dagaa: wanafungwa wakiwa bado na joto la jua, mvuke unageuka maji ndani ya pakiti, ukungu unaanzia hapo. Waanike tena juu ya chanja, si mchangani, maana mchanga ukiingia hautoki. Mkavu anavunjika kwa sauti ukimkunja; anayepinda bado. Waache kivulini wapoe kabisa, ndipo uzibe kwa mashine ya moto, mistari miwili sambamba.

Mawese: asubuhi ya baridi yanaganda, mchana yanayeyuka na kutanuka. Aliyejaza chupa hadi shingoni asubuhi, mchana kizibo kinasukumwa. Pasha kidogo mpaka yote yawe maji, koroga ili kile kizito cha chini kigawanyike sawa, jaza ukiacha vidole viwili, funga kizibo chenye pete ya kukatika, kisha ilaze chupa juu ya karatasi usiku kucha. Ikiacha doa, badilisha kizibo. Mtu wa ndege mwambie iende kwenye begi kubwa linalokabidhiwa uwanjani, la mkononi mwisho ni mililita 100.

Kibirizi_Mizigo

Na mfuko wa kubebea usiwe wa plastiki, hiyo marufuku ipo tangu 1 Juni 2019. Vifungashio vya chakula ni habari nyingine, hivyo vinaruhusiwa. Kuhusu lebo na alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango) pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo mkoani, wanawapokea wajasiriamali wadogo. Nenda na sampuli iliyokwisha kulala usiku mzima kwenye karatasi.