Gari linaelea kwenye mvua, linayumba kwenye changarawe: nipunguze upepo?

Dereva_wa_Alfajiri: Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Gari langu limefungwa matairi ya majira ya joto, 225/45 R17. Kwenye lami kavu limetulia kabisa. Mvua ikinyesha, nikipita 80 usukani unakuwa mwepesi hadi naogopa, na kwenye changarawe mkia unayumba. Ijumaa nina safari ya kilomita 600 na familia: lami, changarawe, kisha mlima. Nipunguze upepo au niuache?

Mzee_Spana: Usukani ukiwa mwepesi hivyo, tairi limeacha barabara, linaelea juu ya maji. Ukipunguza upepo unazidisha tatizo. Kashata, yale meno ya tairi, zimebaki milimita ngapi? Sheria za nchi nyingi zinaruhusu hadi 1.6, lakini mimi kwenye mvua zikishuka chini ya 3 silipandi.

MamaGia: Mimi niliingia dimbwini gari likazunguka, nikajikuta natazama nilikotoka! Tangu siku hiyo mawingu yakitanda tu natoa mguu. Ndugu yangu, punguza mwendo. Watoto hawana spea.

Kijana_wa_Lami: Badilisha, weka ya misimu yote. Matairi ya joto, baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 mpira wake unakakamaa. Huko mlimani alfajiri utanikumbuka.

Dereva_wa_Alfajiri: Kashata zipo, kama milimita 4. Ukiyaona yanang'aa.

Mzee_Spana: Milimita 4 na bado unaelea kwa 80? Tazama ubavuni kwenye DOT, ule msimbo wa kiwandani, tarakimu nne za mwisho.

Dereva_wa_Alfajiri: 2314. Niliyanunua yakiwa yametumika, ila yalikaa stoo, hayakutembea sana.

Mzee_Spana: Yametengenezwa wiki ya 23, mwaka 2014. Mpira unazeeka hata ukilala stoo. Kuna kingine hujasema?

Dereva_wa_Alfajiri: Kuna kanundu ubavuni, mbele kushoto. Niligonga shimo. Lakini halivuji, wiki ya tatu sasa upepo uko palepale. Nimepanga kulihamishia nyuma na kwenda taratibu. Nimeshawaahidi watoto.

Mpekuzi07: Mnapotezewa muda. Mwenye nundu anaulizia upepo? Tena alisema kwenye lami limetulia kabisa. Hadithi ya kutunga hii.

MamaGia: Mtu ana hofu, wewe unamwita mwongo?

Kijana_wa_Lami: Nundu si mchezo. Nyuzi za ndani zimekatika, upepo umezuiwa na mpira mtupu. Hata kama ametunga, yupo anayesoma hapa analo kweli.

Mpekuzi07: Basi aweke picha.

Dereva_wa_Alfajiri: Picha hiyo hapo. Na ni kweli, kuanzia 90 usukani unatetemeka. Sikusema kwa sababu nilijua mtanikataza safari.

Mpekuzi07: Nimeiona. Samahani mkuu. Kubwa kuliko nilivyodhani.

Mzee_Spana: Usilipeleke nyuma. Likipasuka huko mkia unakimbia, na usukani hauurudishi.

Dereva_wa_Alfajiri: Spea yangu ni ile nyembamba, imeandikwa mwisho 80. Nikiifunga hiyo, nikaenda nayo zote 600 polepole?

Mzee_Spana: Hapana. Hiyo ni ya kukufikisha kwa fundi wa tairi. Ifunge leo, gari lisitoke tena na hilo lenye nundu. Na hayo matatu yaliyobaki ni ya umri uleule?

Dereva_wa_Alfajiri: Yote 2314.