Vigango vilivyorudi kutoka Marekani: vikae makumbusho au virudi ardhini?

Mleta mada

Ndugu zangu wa Pwani na Wakenya wote, naomba hili tulijadili bila matusi. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yalirudisha vigango 37. Kabla yake makumbusho moja ya Denver yalirudisha 30. Vyote vilirudishwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na nasikia watu wakisema vikae huko huko Nairobi, ndani ya kabati za vioo. Mimi nakataa. Virudi Kilifi, visimikwe, mvua ivinyeshee na mchwa wavile.

Kwa asiyejua: kigango ni nguzo ya mti mgumu anayosimamishiwa marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wenye mali na heshima kwa Wagiriama. Hakina mikono wala miguu. Kichwa mara nyingi ni duara bapa, na kifua kizima kimechongwa vipembetatu vidogo vidogo vya kupakwa rangi. Koma ya mzee, yaani roho yake, inakaa hapo. Inazungumziwa, inamwagiwa tembo la mnazi, inafungwa vitambaa. Kikishasimama hakiondolewi, hata boma likihama. Kuoza kwake ndiko kumaliza kazi yake.

Kwa babu yangu, upande wa Ganze, vilikuwa vitatu. Siku moja, nikiwa darasa la sita, tuliamka tukakuta mashimo mawili, na cha tatu kimekatwa kwa msumeno, kimebaki kisiki cha shubiri moja. Unga wa mbao ulikuwa bado unanukia. Nyanya hakulia. Alichukua kibuyu akamwaga tembo mashimoni, akawaomba radhi mmoja mmoja kwa majina yao. Leo mtu ananiambia vile ni sanaa ya kutazamwa kwa tiketi!

Mchangiaji, Nairobi

Pole sana kaka. Mimi nafundisha uchongaji. Wanafunzi wangu wanaijua michongo ya Wamakonde na ya Wakamba kwa kuwa imejaa madukani, lakini kigango hawajapata kukiona kwa macho. Mchongaji aliyeamua mwili wa binadamu uwe ubao mmoja ulionyooka, na heshima yake yote iwe kwenye mikato ya kifuani, huyo ni mwalimu wetu. Mchwa wakishavila, nifundishie nini?

Na wezi je? Kuna viwili ambavyo mtafiti mmoja alivipiga picha mwaka 1985, vikaibwa, baadaye akaja kuvitambua Marekani. Viliporudishwa kwa wenyewe mwaka 2007, familia ililazimika kuvizungushia vyuma. Koma iliyo nyuma ya vyuma ina nafuu gani kuliko iliyo nyuma ya kioo?

Mchangiaji, Malindi

Mnawasahau wazee wenyewe. Huku kwetu mzee akiota mvi anaitwa mchawi na anauawa, mara nyingi na watu wa nyumbani mwake wanaotaka shamba. Ukimsimikia kigango uani umemwekea alama. Tena wengi wa waliong'oa vile vya zamani ni vijana wetu, walivipeleka kwa wenye maduka ya watalii kwa pesa kidogo. Halafu hivi 67 ni vya nani? Walionunua hawakuandika boma. Utambishia hodi nani?

Mleta mada

Mwalimu, swali lako la vyuma ni gumu, silikwepi. Ila koma iliyo nyuma ya vyuma iko kwao, inasikia lugha yake. La wanafunzi lina njia: mlipe mzee fundi achonge kipya mbele yao, kisichofanyiwa tambiko, kikae darasani. Watajifunza zaidi kwa kuona patasi inavyokwenda kuliko kwa kuchungulia kioo.

Dada wa Malindi, la wazee limenichoma. Baba yangu alikataa kusimamisha vingine kwa hofu hiyo hiyo unayoisema. Ndiyo maana sitaki vigawiwe maboma. Visivyo na mwenyewe vipelekwe kaya, ile misitu yetu mitakatifu, wazee wa kaya wavipokee kwa pamoja, na kaunti ilipe walinzi. Misitu ya kaya iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008, kwa hiyo fedha za ulinzi zina pa kuanzia kutafutwa.

Najua wapo wazee watakaosema kigango cha mtu na boma lake hakisimami kaya. Basi waulizwe wao, huko Kilifi, kwa Kigiriama, kabla fundi wa kabati hajaitwa.