Haiku kwenye laptopu ya UEFI: CSM, GRUB au rEFInd?

Mkazi_Kondele: Wadau, nina laptopu ya mtumba ya UEFI (fimiwea inayowasha mashine, iliyochukua nafasi ya BIOS), Windows 10 ndani, diski ni GPT, mpangilio mpya wa patisheni. Nimetenga GB 30 niweke Haiku, ule mfumo endeshi mrithi wa BeOS ya zamani. Jamaa mmoja hapa Kisumu ananiambia niwashe CSM (hali ya UEFI kuiga BIOS) nigeuze diski iwe MBR, mpangilio wa zamani. Mwingine anasema GRUB, ile menyu ya Linux ya kuchagua mfumo wa kuwasha. Nishike ipi?

Fundi_Section58: Huyo wa CSM achana naye. Windows iliyowekwa kwa UEFI haiwaki tena ukiigeuzia diski hivyo. MBR yenyewe ina patisheni kuu 4 tu na inaishia karibu TB 2. Halafu mashine nyingi mpya hazina CSM hata ukiitafuta.

Sisi huku Nakuru tunatumia rEFInd, menyu kama hiyo isiyohitaji Linux. Kisakinishi cha Haiku hakikuwekei kipakiaji (programu inayowasha mfumo) kwenye ESP, patisheni ambayo UEFI husoma vipakiaji; kazi hiyo ni yako. Flashi ya Haiku ina patisheni ndogo iitwayo "haiku esp". Ifungue, fungua na ESP ya diski, tengeneza folda EFI/HAIKU, nakili BOOTX64.EFI humo. Usiitupe ndani ya EFI/BOOT, kuna faili ya jina hilohilo pale na utaifuta. Ukiwasha tena, rEFInd inaiona yenyewe.

Wa_Lurambi: Mwenye Linux tayari, rEFInd ya nini? Fungua faili ya GRUB iitwayo 40_custom, andika chainloader /EFI/HAIKU/BOOTX64.EFI, endesha update-grub, basi. Ila tanguliza mstari wa search wenye UUID (namba ya utambulisho) ya ESP, la sivyo GRUB itaitafuta faili kwenye patisheni ya Linux na kukuambia haipo.

Mkazi_Kondele: Sina Linux. Secure Boot je, ule ulinzi wa UEFI unaozuia vipakiaji visivyo na sahihi?

Fundi_Section58: Zima. Kipakiaji cha Haiku hakina sahihi ya kidijitali inayokubaliwa na fimiwea. Lakini kama BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) imewashwa, nakili kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Windows ikiudai na huna, hiyo data sahau.

MamaServa: Mbona mnamkimbiza kwenye diski? Haiku inaenda vizuri tu kutoka kwenye flashi. Ajaribu kwanza. Wi-Fi isiposhika, GB 30 za nini? Na akigusa patisheni betri iwe imejaa, stima za huku mnazijua.

Mkazi_Kondele: Nimejaribu, Mama. Wi-Fi imeshika, sauti iko, pedi ya kipanya ndiyo imegoma. Kipanya cha USB kinafanya kazi. Naenda na rEFInd.

Wa_Lurambi: Sawa, ila utarudi kwa GRUB.