Wakuu naomba ushauri: binti anataka kuangalia The Hobbit, mimi sitaki

MsomajiWaUsiku (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wakuu. Najua humu wengi ni mambo ya viwanja na ndoa, mnivumilie.

Nina binti wa miaka 9. Tangu mwaka jana, karibu kila usiku, namsomea The Hobbit ya Tolkien. Nakala ni kuukuu, niliipata kwa wauza vitabu wa chini pale Posta. Ni ya Kiingereza, kwa hiyo nasoma huku natafsiri. Mazimwi hayakunisumbua, joka halikunisumbua. Walionitesa ni wale warefu wenye masikio ya ncha. Niliwaita majini wa msituni, bibi yake akagoma, tukakubaliana "watu wa msituni". Raha yenyewe ilikuwa sura ya 5. Gollum, kiumbe wa pangoni, anashindana vitendawili na Bilbo, shujaa wa kitabu. Gollum akisema kitendawili, mtoto anaitikia tega. Bilbo alipokwama akamwambia atoe mji, na alikuwa tayari kuitoa Morogoro nzima ili Bilbo asiliwe.

Sasa Jumamosi kaalikwa kulala kwa rafiki yake, na baba wa huyo rafiki ana filamu zote tatu kwenye flashi. Nimekataa. Leo siku ya pili hanisemeshi, chakula anakula akiwa ameangalia ukuta.

Sababu yangu ni kwamba zile filamu zimekiharibu kitabu. Kurasa kama 300, mwongozaji Peter Jackson kazivuta mpaka filamu 3, ya 2012, ya 2013 na ya 2014, karibu saa 8 zote pamoja. Kamwingiza Legolas, mmoja wa hao watu wa msituni, kitabuni hayumo. Kamuumba Tauriel, mwanamke wa hao hao, kutoka hewani, halafu kampachika mapenzi na Kili, mmoja wa mbilikimo wanaosafiri na Bilbo. Zimwi Azog, ambaye kitabuni alishakufa zamani, kafufuliwa ili Thorin, kiongozi wa hao mbilikimo, apate wa kumkimbiza. Naomba njia ya kumwelewesha mtoto bila kumvunja moyo. Matusi hapana.

Kiroboto wa Tandika
Nimekaa pale. Ngoja waje wenye watoto.

Mama Zawadi
Mwanangu, majini, mazimwi, pete ya kumfanya mtu asionekane, halafu unamsomea mtoto USIKU? Kesho akianza kupiga kelele usingizini utatuletea uzi mwingine. Msomee Zaburi, alale.

Fundi Antena
Mkuu, hizo muvi ziko kwa ubora gani? Ile ya kwanza ilirekodiwa kwa fremu 48 kwa sekunde badala ya 24 zilizozoeleka, ndiyo maana watu walilalamika inafanana na tamthilia ya kwenye TV. Kama flashi ya jamaa ina nakala ya kawaida hatagundua chochote. Mwache aone.

Otis wa Eastlands
Niko Nairobi. Sisi tulilelewa na DJ Afro, yule wa kusimulia filamu kwa Kiswahili. Picha ni ya Hong Kong, stori ni ya DJ Afro. Mtu anapigwa teke, tunaambiwa huyo alikuwa na deni la chapati. Miaka mingi baadaye nikaiona moja bila yeye, nikaboeka hadi nikalala. Kwa hivyo usiseme ati Jackson ameharibu. Anayesimulia lazima aongeze kitu yake.

Babu Mgosi
Otis umenikumbusha mbali. Huku kwetu alikuwepo Lufufu, naye wa kutafsiri filamu. Kibanda umiza, benchi la mbao, mnakaa kumi mahali pa watu sita. Kuna siku umeme ulikatika jambazi mkuu akiwa bado hajafa. Tulikataa kutoka mpaka turudishiwe hela, mwenye kibanda akasimama akatumalizia hadithi kwa mdomo. Mpaka leo sijui kama alisema ukweli. Mwanangu, mwache mtoto aende.

Mwalimu Nyamizi
Ndugu mwanzisha uzi, nimesoma mara mbili. Mtoto wa miaka 9 hawezi kuumizwa na Tauriel. Akimwona atauliza "huyu nani", utamwambia kaongezwa, yataisha. Legolas vilevile. Mtu hagombani na mtoto siku mbili kwa sababu ya Legolas. Hasa unaogopa aone nini?

MsomajiWaUsiku
Mwalimu, nimeshasema. Uaminifu kwa kitabu.

Mwalimu Nyamizi
Sawa. Mmefika sura ya ngapi?

MsomajiWaUsiku
Tumemaliza. Zote 19.

Mwalimu Nyamizi
Basi anajua nani kafa. Aogope nini tena?

MsomajiWaUsiku
Hajui.

Haya, niseme. Kwenye vita ya mwisho nilibadilisha. Kitabuni Thorin anakufa, na Fili na Kili wanakufa, wale wawili wadogo kuliko wote. Kwangu mimi Beorn, yule mtu anayegeuka dubu, aliwabeba wote watatu akawapeleka kwake, wakapakwa asali kwenye vidonda, wakapona. Dain, binamu yake Thorin, akawa mfalme kwa sababu Thorin alikuwa amechoka. Mtoto aliniuliza mtu anachokaje baada ya kutembea kote kule. Nikamwambia ndiyo maana amechoka.

Sasa kwenye filamu ya tatu wanauawa mmoja mmoja, mbele ya macho, taratibu kabisa.

Kiroboto wa Tandika
😂😂😂 Kumbe Peter Jackson mwenyewe yuko humu ndani anaomba ushauri!

Otis wa Eastlands
Boss, wewe ni DJ Afro kamili. Karibu kwenye chama.

Dada wa Muscat
Msimcheke. Mimi nafanya kazi kwa watu huku Oman, wanangu wako Tanga kwa mama. Kila nikipiga simu nawaambia narudi mfungo ukiisha. Mfungo wa tatu huu. Mkubwa siku hizi haulizi tena, ananiambia tu "sawa mama", hiyo sawa yake inanikosesha usingizi kuliko angelia. Sijui kama nimekujibu, kaka yangu.

MsomajiWaUsiku
Pole sana dada.

Wakuu, msinione mjinga. Nimeshaanza kulishughulikia. Nimezipata hizo filamu na naikata ya tatu kwenye kompyuta. Natoa kifo cha Fili, cha Kili na cha Thorin, naunganisha moja kwa moja na Bilbo akirudi nyumbani. Ijumaa nitampelekea yule baba flashi yangu nimwambie ni toleo fupi, zuri kwa watoto. Mashabiki wengi duniani wameshazikata hizi tatu zikawa moja, si jambo geni. Jackson alirefusha, mimi nafupisha. Kosa liko wapi?

Fundi Antena
Hapo kwenye barafu umeitoaje? Thorin na Azog wanapigana muda mrefu na muziki unaendelea chini yake. Ukikata hovyo sauti itaruka, hata mtoto atajua. Tenganisha sauti na picha kwanza, kisha ufifishe muziki sekunde mbili tatu kabla ya mkato.

MsomajiWaUsiku
Asante fundi, hapo ndipo niliposhindwa.

Mama Zawadi
Fundi Antena na wewe unamsaidia kumdanganya mtoto!

Fundi Antena
Mama, mimi nimeulizwa habari ya sauti.

Kiroboto wa Tandika
Wakuu simameni kidogo. Hii ni CHAI, tena ya rangi, haina hata tangawizi. Nimepekua nyuzi zake. Mwezi wa tatu mwaka huu alikuwa anatafuta chumba na sebule Kimara, akaandika kwa mkono wake: "naishi mwenyewe, sina mke wala mtoto." Leo ana binti wa miaka 9 anayesomewa tangu mwaka jana. Huyo mtoto kazaliwa na miaka 9? Ameona wadhungu huko wanaandika visa vya kitabu na mtoto, na yeye akaona atupige kamba.

Babu Mgosi
Duh. Na mimi nimetoa siri zangu za kibanda umiza hapa.

Otis wa Eastlands
Aki ilikuwa tamu lakini. Hata kama ni uongo, aendelee.

Kiroboto wa Tandika
Kimya. Amekimbia. Moderator funga uzi.

MsomajiWaUsiku
Sijakimbia, nilikuwa namlaza.

Kiroboto umesema kweli, mwezi wa tatu sikuwa na mtoto. Ni mpwa wangu. Dada yangu alianza kulazwa mwaka jana, mtoto akawa kwa mama. Nikitoka kazini napitia kumsomea, nikishindwa namsomea kwenye simu. Dada alifariki mwezi wa tano. Tangu wa sita mtoto yuko kwangu. Nimeandika "binti yangu" kwa sababu sasa ndivyo ilivyo, sikuona haja ya kuwaeleza mengine.

Sura ya 18 tuliifikia siku chache baada ya arobaini. Niliruka sentensi moja. Fili na Kili hawakufa hivihivi. Kitabu kinasema walikufa wakimkinga Thorin kwa ngao na miili yao, kwa kuwa alikuwa kaka mkubwa wa mama yao.

Mjomba wao, yaani. Tangu sura za mwanzo nilikuwa nimemwambia Thorin ni mjomba wa hao wawili, akafurahi sana, akawa anauliza kila siku "mjomba kasemaje leo". Nimekaa na ile sentensi mdomoni, mtoto ananiangalia, na neno la Kiswahili ni hilohilo analoniitia mimi. Mjomba kafa, na wapwa wamekufa kwa ajili yake. Sikuweza. Ndipo nikamwita Beorn na asali.

Kiroboto wa Tandika
Mkuu. Nisamehe. Kweli nisamehe.

Mama Zawadi
Mungu amrehemu dada yako, baba. Lile la Zaburi nililisema kwa nia njema.

Dada wa Muscat
Nimelia kwenye basi la watu.

Mwalimu Nyamizi
Pole sana. Mambo mawili, kisha nitanyamaza.

Kabla kitabu hakijatoka 1937, mwenye kampuni ya uchapishaji alimpa mwanawe wa miaka 10, Rayner Unwin, ausome mswada, akamlipa shilingi moja ya Uingereza. Yule mtoto aliandika kwamba kitawafaa watoto wote wa kati ya miaka 5 na 9. Na Thorin alikuwa ameshakufa humo.

La pili ndilo nalolipenda. Ile sura ya 5 yenu ya vitendawili haikuwa hivyo mwanzoni. Katika toleo la kwanza Gollum aliahidi zawadi Bilbo akishinda, na zawadi ni hiyo pete. Alipoikosa akaomba radhi na kumwonyesha njia ya kutokea. Mwaka 1951 Tolkien aliibadilisha, na baadaye akaeleza kwamba ile ya kwanza ndiyo Bilbo aliyowasimulia wenzake kwa kuwa aliona haya kusema ukweli. Mchawi Gandalf ndiye aliyembana mpaka akaitoa ya kweli.

Mtoto wako anampenda Bilbo. Mwambie na Bilbo alifanya hivyo.

Otis wa Eastlands
Mwalimu ameua.

MsomajiWaUsiku
Mwalimu, asante. Ila kumwambia Bilbo alidanganya ni rahisi. Kumwambia ni mimi niliyedanganya, na kwa nini, hapo ndipo pagumu. Akiniuliza kama na mimi nitakufa nimjibu nini? Mkumbuke mama yake nilimwambia atapona.

Babu Mgosi
Mjibu kwamba hujui, mwanangu. Halafu usiondoke pale alipo.

MsomajiWaUsiku
Niko mezani. Kitabu kiko hapa, nimekifungua sura ya 18, ni kurasa chache tu. Kompyuta nayo inaendelea kutengeneza ile faili yangu, imefika asilimia 62. Sijui nifanye nini kwanza.

Dada wa Muscat
Izime hiyo kompyuta kaka yangu.

Fundi Antena
Usiizime katikati, faili itaharibika. Bonyeza kwanza pa kusitisha, kisha ndiyo uzime.