Naomba mashauri: muziki ya filme haiyatoka, tuandikie nani?

Banduku, munisaidie. Kuko filme moja ya zamani ya Marekani (jina siseme, mutanicheka, ni ya karate), muziki yake ilinikamata tangu utoto wetu kule Katuba. Ile fasi muzee anafunga mulango, violon moja tu inalia polepole kisha ngoma zinaingia… miye nywele zinasimama! Disque haikutokaka hata siku moja. Kwa YouTube ni vipande tu, na makofi ya karate juu ya violon, bintu ya aibu.

Sasa tuko bantu sita huku Lubumbashi, tunataka kuandika barua. Yaya anasema tuandikie mwenye alitunga, lakini miye najua mara mingi haki inabakia kwa produkta, na kule Marekani banamuziki wa orkesta banalipwa tena kama muziki inatoka kwa disque. Kuko ma-label (kampuni za kutoa disque) kama Intrada na La-La Land Records, zinatoaka muziki ya filme za zamani, kopi kidogo tu. Tuanzie kwao ao kwa produkta? Na barua ya Kifaransa watasoma kweli? Kingereza yetu ni ya kubabaisha.